Kwenda Bowling Green kwa gari-nyumba: nini cha kupanga kabla ya kuwasha injini

Gari-nyumba, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, hutangazwa nchini Marekani kama tiketi ya uhuru: lala upendapo, ondoka upendapo. Lakini safari ya kwenda mji mdogo wa Kusini kama Bowling Green, jimboni Kentucky, ambako Kiswahili ni miongoni mwa lugha za wakazi, huamuliwa na mambo matatu yasiyoonekana katika picha za matangazo: vipimo vya gari lenyewe, ardhi iliyo chini yake na hali ya hewa iliyo juu yake.

Mji unaojulikana hadi Maziwa Makuu

Bowling Green ni mji wa tatu kwa ukubwa jimboni Kentucky, baada ya Louisville na Lexington. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao 72,000. Mji uko kando ya barabara kuu ya I-65, takriban kilomita 105 kaskazini mwa Nashville na kilomita 180 kusini mwa Louisville. Una chuo kikuu cha umma, Western Kentucky University, na kiwanda ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiunda magari ya mwendo kasi aina ya Corvette.

Kwa miongo kadhaa mji huu umepokea wakimbizi, wakiwemo wa kutoka Bosnia, Myanmar, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kwingineko. Ndiyo maana kwa familia zilizopitia kambi za wakimbizi za Maziwa Makuu na kupelekwa Chicago, Dallas au Portland, Bowling Green si jina la kwenye ramani tu. Ni mahali anapoishi shangazi, au pale itakapofungwa harusi ya binamu.

Hoja ya kutumia gari-nyumba katika safari ya namna hiyo inaeleweka. Mwenyeji anayeishi na watoto wanne katika fleti ya vyumba viwili hana pa kuwalaza wageni sita, na vyumba viwili vya hoteli kwa wiki nzima ni mzigo. Mgeni anayekuja na kitanda chake, sufuria zake na jiko lake hamwelemei mtu. Swali si kama wazo hilo ni zuri, bali ni nini hulifanya liende kombo.

Vitanda ni vingi kuliko mikanda

Wamarekani hugawa magari haya kwa herufi. Daraja A ni kubwa, lenye umbo la basi. Daraja B ni dogo, lililojengwa ndani ya mwili wa gari la mizigo lililofunikwa. Daraja C liko kati ya hayo mawili, na hutambulika kwa kitanda kilichotokeza juu ya kichwa cha dereva. Hilo ndilo ambalo familia nyingi hukodi. Kuna pia trela la kulala, ambalo hukokotwa na gari lenye nguvu.

Kosa la kwanza hutokea hapa. Tangazo likisema gari "linalaza watu saba", linahesabu vitanda. Sheria na usalama huhesabu mikanda. Huenda gari lenye vitanda saba likawa na viti vitano tu vyenye mikanda, na vingine kati ya hivyo vikatazama ubavuni, jambo linalovifanya visifae kufungiwa kiti cha mtoto. Sheria ya Kentucky inataka mtoto mwenye kimo cha inchi 40, yaani takriban sentimita 102, au pungufu, afungwe katika kiti maalumu cha watoto. Aliye chini ya miaka minane na mwenye kimo kati ya inchi 40 na 57 anatakiwa kukalishwa katika kiti cha kumwinua. Kabla ya kulipa chochote, msafiri anapaswa kuuliza idadi ya mikanda, mahali ilipo na upande viti vinakotazama. Kuhusu trela la kulala, jibu la busara ni moja: gari likiwa barabarani, ndani ya trela hakai mtu.

Leseni ya kawaida hutosha kwa magari mengi ya kukodi, kwa sababu uzito wake hauvuki pauni 26,000, sawa na tani 11.8, kiwango ambacho juu yake baadhi ya majimbo hudai leseni ya daraja jingine. Umri wa chini wa dereva hutegemea kampuni. Nyingi hudai miaka 25. Bima ya gari dogo la nyumbani mara nyingi haifuati gari-nyumba, hivyo swali la bima liulizwe na lijibiwe kwa maandishi.

Anayeazima gari kwa rafiki, au kulikodi kwa mtu binafsi, ana jambo moja zaidi la kukagua: tairi. Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake. Tarakimu 2317, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2017. Magari-nyumba hukaa muda mrefu bila kutembea, na mpira huzeeka ukiwa umesimama. Tairi linaweza kuonekana jipya kwa macho na likapasuka chini ya mzigo wa tani tano katika joto la Julai.

Kimo, namba inayosahaulika

Dereva aliyezoea gari dogo anajua upana wa njia na urefu wa gari lake, lakini hana mazoea ya kufikiria kilicho juu ya kichwa chake. Gari-nyumba la daraja C huwa na urefu wa mita 7 hadi 9 na kimo cha mita 3.4 hadi 3.7, kiyoyozi cha paani kikiwemo. Madaraja yanayopita juu ya barabara kuu za kitaifa yana nafasi ya kutosha. Hatari iko mjini: paa za vituo vya mafuta, vibanda vya kununulia chakula bila kushuka garini, maegesho ya ghorofa, matawi ya miti katika mitaa ya makazi na madaraja ya zamani ya reli.

Vibao vya Marekani huandika kimo kwa futi na inchi. Msafiri aliyezoea mita anashauriwa kuandika kimo cha gari lake kwa vipimo vyote viwili na kukibandika mbele ya usukani. Programu za ramani zilizotengenezwa kwa magari madogo hazijui kimo cha chombo na zitampeleka dereva chini ya daraja lolote lililo kwenye njia fupi. Zipo ramani za kidijitali ambazo huingizwa kimo, urefu na uzito kabla ya kuchora njia. Kwa safari hii, hizo si anasa.

Gesi ya kupikia nayo huchagua njia. Mahandaki ya Baltimore, kwa mfano, hayaruhusu magari yenye mitungi mikubwa ya gesi. Anayeteremka kutoka kaskazini-mashariki mwa Marekani anapaswa kujua hilo kabla ya kufika kwenye mlango wa handaki.

Hesabu ya safari moja

Chukua mfano wa familia inayotoka Chicago. Umbali hadi Bowling Green ni takriban kilomita 670. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya huko, ni kama kilomita 1,500. Gari-nyumba la daraja C hutumia lita 20 hadi 30 za petroli kwa kila kilomita 100. Likitumia lita 24, safari nzima itahitaji lita 360, sawa na galoni 95. Gari dogo linalotumia lita 8 lingemaliza safari hiyo kwa lita 120. Kwa hiyo akiba ya hoteli isihesabiwe bila kutoa kwanza tofauti hiyo ya lita 240.

Bei ya usiku mmoja inayoonyeshwa kwenye tangazo ni mwanzo tu wa ankara. Juu yake huongezwa, kwa kawaida, malipo ya kila maili, malipo ya kila saa ya jenereta, bima, shuka na vyombo, na ada ya kusafisha endapo matangi ya majitaka yatarudishwa yakiwa yamejaa. Halafu kuna ada ya kambi kwa kila usiku. Familia itakayojumlisha vyote hivyo kwenye karatasi moja inaweza kugundua kuwa gari-nyumba lina nafuu kwa watu sita kwa siku saba, lakini halina nafuu kwa watu watatu kwa siku mbili.

Wasafiri wenye uzoefu nchini Marekani hufuata kanuni ya tatu tatu: wasiendeshe zaidi ya maili 300, yaani kilomita 480, kwa siku, wafike kambini kabla ya saa tisa alasiri, na wakae angalau siku tatu mahali pamoja. Kwa kanuni hiyo, Chicago hadi Bowling Green ni safari ya siku mbili, na usiku wa katikati ungekuwa kusini mwa Indiana. Kufika mchana kuna maana yake: kurudisha nyuma gari la mita tisa katika nafasi finyu, gizani, huku watoto wakilia njaa, ndiko kunakovunja taa na ngazi.

Kulala wapi: kambini au uani kwa ndugu?

Mwenyeji mwenye ukarimu atasema, "Egesheni hapa nyumbani." Kabla ya kukubali, ni vyema kujua mambo mawili. Kwanza, majengo mengi ya fleti na baadhi ya mitaa ya nyumba za kupanga hukataza magari-nyumba kuegeshwa usiku, na gari laweza kukokotwa kwa gharama ya mwenyewe. Hata nyumba ya mtu binafsi huweza kuwa chini ya masharti ya mji au ya chama cha wakazi. Mwenyeji amuulize mwenye nyumba mapema, si siku ya wageni kufika.

Pili, umeme wa ukutani nyumbani hautoshi. Kambi za Marekani hutoa aina mbili za umeme kwa magari haya: wa ampea 30 kwa volti 120, ambao ni wati 3,600, na wa ampea 50, unaofika wati 12,000. Soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 15 au 20. Kuunganisha kiyoyozi cha gari kwa waya mwembamba uliopitishwa dirishani ni njia ya kuunguza waya, na pengine zaidi ya waya.

Bowling Green ina kambi za magari za kulipia, ikiwemo ile ya Beech Bend, bustani ya michezo yenye uwanja wa mbio za magari. Kambi hizo hujaa kwa misimu inayojulikana. Kila Septemba tamasha la magari la LS Fest hufanyika Beech Bend. Mei huleta mahafali ya chuo kikuu, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo mbio za farasi za Kentucky Derby hujaza hoteli na kambi kuzunguka Louisville. Agosti wanafunzi hurejea. Harusi iliyopangwa katika mojawapo ya tarehe hizo inahitaji nafasi ya kambi iliyolipiwa miezi kadhaa kabla.

Vituo vya mapumziko vya barabara kuu si kambi. Kila jimbo lina sheria yake ya muda wa kuegesha, na maduka makubwa yanayoruhusu magari-nyumba kulala kwenye viwanja vyao hufanya hivyo kwa hiari ya meneja. Kuuliza ni lazima.

Mji uliojengwa juu ya mapango

Gari-nyumba lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Tangi la maji safi la daraja C huchukua kama lita 150. Familia ya watu sita inayooga kama ilivyozoea nyumbani italimaliza kwa siku moja. Matangi ya majitaka humwagwa katika kituo maalumu kambini. Tangi la choo hufunguliwa kwanza, kisha lile la maji ya kuogea, ili maji yenye sabuni yasafishe bomba. Bomba la kujazia maji ya kunywa lisiguse kamwe shughuli hiyo.

Mahali pengine kumwaga maji machafu majanini kungekuwa ni uchafu na kosa la kisheria. Bowling Green kuna sababu ya ziada. Mji huu umekaa juu ya mawe ya chokaa ambayo maji ya mvua yameyatoboa kwa maelfu ya miaka na kuyafanya mapango, mito ya chini na mashimo. Katika ardhi ya kawaida, udongo mzito huchuja maji yanapozama. Hapa maji huteremka kupitia nyufa na kuingia moja kwa moja katika mito iliyo chini. Kinachomwagwa nyuma ya gari asubuhi kinaweza kuingia katika kijito cha chini ya ardhi pasipo kuchujwa na chochote.

Kijito kimojawapo hutembelewa kwa mashua. Ni Lost River, yaani Mto Uliopotea, unaopita pangoni ndani ya eneo la mji. Maji yakipanda baada ya mvua kubwa, ziara za mashua huweza kusimamishwa, hivyo msafiri asiiweke ziara hiyo katika siku yake ya mwisho.

Ushahidi mwingine wa ardhi hiyo ulionekana kabla ya mapambazuko ya Februari 12, 2014, pale sakafu ya jumba la makumbusho la magari ya Corvette ilipotitia na shimo likameza magari manane ya maonyesho. Hakuna aliyeumia. Tukio hilo lilitangaza duniani kote jambo ambalo wakazi walilijua siku zote: ardhi yao ina uwazi chini yake. Kwa dereva wa gari zito funzo ni dogo lakini la kweli: egesha pale palipoandaliwa kwa gari zito, si kwenye nyasi zenye bonde linaloshikilia maji.

Pangoni Mammoth, na saa mbili tofauti

Wengi wanaofika Bowling Green huenda pia katika Hifadhi ya Taifa ya Mammoth Cave, mwendo mfupi kaskazini-mashariki mwa mji. Ndani yake kuna mfumo wa mapango mrefu kuliko yote yanayojulikana duniani, wenye zaidi ya kilomita 670 zilizopimwa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1941 na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kuingia hifadhini hakulipiwi, lakini ziara za pangoni zina tiketi, na wakati wa likizo tiketi hizo huisha mapema. Ndani ya pango joto huwa kama nyuzi 12 za Selsiasi hata kiangazi. Sweta za watoto ziwekwe garini.

Wageni wenye asili ya Afrika wana sababu ya kusimama katika makaburi ya zamani ya waongozaji, karibu na kituo cha wageni. Hapo amezikwa Stephen Bishop, kijana mtumwa aliyeletwa pangoni mwaka 1838 kuwaongoza watalii. Ndiye aliyevuka shimo lililoaminika kuwa mwisho wa njia, akaingia sehemu ambazo watalii hawakuwa wamefikishwa, na baadaye akachora kwa kumbukumbu ramani ya pango iliyochapishwa na kutumiwa kwa miaka mingi. Aliachwa huru mwaka 1856 na kufariki mwaka uliofuata.

Kwa gari-nyumba, hifadhi hii ina mitego miwili. Kambi kuu iliyo karibu na kituo cha wageni haina umeme katika nafasi zake nyingi. Kambi ya Maple Springs ina baadhi ya nafasi zenye umeme na maji, lakini iko ng'ambo ya Mto Green, upande wa kaskazini. Njia fupi kati ya pande hizo mbili hupitia kivuko kidogo chenye ukomo wa uzito na ukubwa wa magari, ambacho pia husimama mto unapofurika. Anayeweka nafasi upande mmoja huku tiketi zake zikiwa upande mwingine anapaswa kuihesabu barabara ndefu ya kuzunguka, na kuwauliza walinzi wa hifadhi kabla ya kuondoka.

Mtego wa pili ni saa. Louisville hufuata saa za mashariki mwa Marekani. Bowling Green na Mammoth Cave hufuata saa za kati, ambazo ziko nyuma kwa saa moja. Ziara ya saa nne asubuhi pangoni ni saa tano asubuhi Louisville. Anayekwenda kusini hupata saa moja ya ziada, lakini anayerudi huipoteza. Aliyekodi gari Louisville na kuahidi kulirudisha saa tano asubuhi, akipiga hesabu kwa saa ya Bowling Green, atachelewa kwa saa nzima, na kuchelewa huko hulipiwa. Anayetoka Chicago huvuka mpaka wa saa mara mbili, akiwa ndani ya Indiana na tena akishuka kusini mwa Louisville.

Tonado: nyumba hii si kimbilio

Usiku wa kuamkia Desemba 11, 2021, muda mfupi baada ya saa saba usiku, tonado yenye nguvu ya daraja la tatu katika kipimo chenye madaraja sifuri hadi tano ilipita Bowling Green. Zaidi ya watu kumi walikufa mjini na kandokando yake, miongoni mwao watoto wa familia zilizokuja Marekani kama wakimbizi. Katika jimbo zima la Kentucky, dhoruba za usiku huo ziliua zaidi ya watu 70.

Tarehe yenyewe ni muhimu. Msimu mkuu wa tonado katika eneo hili ni majira ya kuchipua, kuanzia Machi hadi Mei, lakini Novemba na Desemba nazo zina hatari yake, na mara nyingi tonado za Kusini hupiga usiku, watu wakiwa wamelala. Gari-nyumba halina msingi. Upepo wa kiwango hicho hulipindua au kulirarua. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huyaweka magari na nyumba zinazohamishika miongoni mwa mahali ambapo mtu hapaswi kubaki tonado inapokuja.

Kwa hiyo mpango wa dhoruba hufanywa saa ya kufika kambini. Msafiri huuliza ofisini: jengo imara la karibu ni lipi? Katika kambi nyingi huwa ni jengo la mabafu lililojengwa kwa matofali. Mahali pengine huwa ni chumba maalumu cha dhoruba. Familia nzima itembee hadi hapo mchana, ili njia ijulikane usiku.

Jambo la pili ni jina la kaunti. Matangazo ya dhoruba hutaja kaunti, si jina la kambi wala la mji pekee. Bowling Green iko katika kaunti ya Warren, na kituo cha wageni cha Mammoth Cave kiko katika kaunti ya Edmonson. Mgeni asiyejua majina hayo anaweza kusikia onyo linalomhusu yeye na asitambue.

Matangazo hayo aghalabu hutolewa kwa Kiingereza, na maneno mawili yanayofanana humaanisha mambo tofauti. "Tornado watch" humaanisha kuwa hali inaruhusu tonado kuzuka: simu ziachwe na chaji, viatu viwekwe karibu, gari liachwe kwa kwenda jengoni mapema ikiwa kuna watoto wadogo au wazee. "Tornado warning" humaanisha kuwa tonado imeonekana kwa macho au kwa rada: hakuna tena muda wa kukusanya vitu. Redio ndogo ya hali ya hewa inayotumia betri huwaamsha waliolala hata pale mtandao wa simu unapokatika.

Kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Jenereta isiachwe ikifanya kazi watu wamelala, na king'amuzi cha gesi hiyo kijaribiwe siku ya kupokea gari.

Kwa ndugu wanaotoka Afrika

Ndugu wanaopanga kutoka Kigali, Bujumbura, Goma au Kampala kujiunga na safari hii wana hatua ya kwanza isiyohusu gari hata kidogo, nayo ni viza. Amri ya rais wa Marekani ya Juni 2025 iliwawekea raia wa Burundi vizuizi vya viza, na masharti kwa nchi mbalimbali yameendelea kubadilika. Fedha za kukodi gari zisilipwe kabla ya viza kupatikana, au zilipwe kwa mkataba unaoruhusu kurejeshewa.

Kuhusu usukani, Marekani huendesha upande wa kulia. Dereva wa Rwanda, Burundi au Kongo ameuzoea upande huo. Wa Uganda, Kenya au Tanzania hajauzoea, na gari la tani tano si chombo cha kujifunzia. Kampuni ya kukodisha iulizwe mapema kama inakubali leseni ya nchi husika, na kama inahitaji pia kibali cha kimataifa cha udereva. Vifaa vya umeme vya volti 230 vilivyotoka nyumbani, kama birika au pasi, havitafanya kazi ipasavyo kwenye volti 120.

Mpangilio wa hatua

Oktoba ndio mwezi ambao mara nyingi hutoa anga tulivu, joto la wastani na majani yenye rangi, ingawa shule hazijafungwa. Yeyote anayeuchagua, au anayefungwa na tarehe ya harusi, atafanya vyema kufuata mpangilio huu: tarehe kwanza, kisha kambi, kisha tiketi za pango, na gari mwishoni. Wengi hufanya kinyume. Hulipia gari kwa sababu ndilo linalovutia, halafu hugundua kuwa hakuna pa kuliegesha.

Mjini kwenyewe, gari la mita tisa halifai kuzungushwa katika mitaa ya katikati. Ni bora libaki kambini na familia iende kwa gari la mwenyeji, ikatembee katika uwanja wa Fountain Square au mtaa wa kihistoria wa Wamarekani weusi wa Shake Rag. Western Kentucky University ina makumbusho yanayomkumbuka mwenyeji mmoja wa mji huu, Duncan Hines, aliyezaliwa hapa mwaka 1880. Hines alikuwa mfanyabiashara msafiri ambaye katika miaka ya 1930 alianza kuchapisha orodha ya mikahawa safi ya kandokando ya barabara, wakati ambapo kula njiani nchini Marekani kulikuwa ni kubahatisha. Umaarufu wake ulitokana na jambo moja: aliwaambia wasafiri mapema kile ambacho wangekigundua wakiwa wamechelewa.